Mashine ya Ndevu za Marehemu

Mashine ya kunyolea ilizima katikati ya kichwa cha mtoto wa jirani, ikiwa na chaji tele. Naima alimbembeleza mtoto, akamalizia kwa mkasi, akaitia mashine kwenye droo. Saa saba mchana, saluni ikiwa tupu, droo ikaanza kunguruma.

Naima alikuwa kinyozi wa watoto pale Ipagala. Akina mama walimpenda kwa wepesi wa mikono yake. Mashine ile isiyo na waya aliinunua mjini kwa Habibu, ikiwa mpya kwenye boksi, na waranti ya miezi sita. Alipofungua droo ilinuka kafuri, ile wanayowekewa maiti.

Akairudisha dukani. Habibu, aliyezoea kuongea na wateja huku anachokonoa meno, hakuinuka kitini.

"Umeidondosha."

"Sijaidondosha, kaka. Nikinyoa inazima, nikiiweka inajiwasha."

"Basi ina akili kukuzidi." Akacheka peke yake. "Waranti haihusu maji, haihusu kudondosha, haihusu majini. Na ukibandua hii stika ya chini, usirudi kwangu."

Edina, muuzaji wake, ndiye pekee aliyeona kwamba Naima ana mtoto mgongoni. Alimletea kiti, akampokea mtoto huyo, Sabrina, ili mama yake ajifunge kanga upya, kisha akaandika namba yake nyuma ya risiti.

Kesho yake mchana Naima alimlaza Sabrina kwenye mkeka nyuma ya saluni. Akaifungia mashine kabatini, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Akatoka kuanua taulo, na hata hajafika mwisho wa kamba akausikia ule mngurumo, si kabatini, bali chini, usawa wa mkeka, ukienda taratibu kama wa mtu anayenyoa kwa uangalifu asimwamshe anayemnyoa, na harufu ya kafuri ikamjaa puani mpaka machozi yakamtoka, akakimbia, akakuta kabati limefungwa, mtoto amelala, na kisogoni mwa Sabrina mstari mmoja mtupu, safi, usio na hata unywele.

Akampigia Edina.

"Dada, nisamehe," Edina alinong'ona. "Ilishauzwa kabla yako. Mtu wa Ihumwa alimnyolea marehemu baba yake ndevu, ikaharibika siku ileile, akairudisha. Bosi akaifuta kwa spiriti, akaitia boksi jipya."

Naima akaichukua mashine, akaenda kwa Bi Mwanne, mwosha maiti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kitu hicho kiweke mbali na mtoto." Bibi alinusa tu, akajua. "Nywele za maiti huzikwa naye. Zikibaki nje, jini hufanya nyumba. Fungua."

"Nikifungua waranti inakufa, bibi. Nyingine siwezi kununua."

"Na mtoto, yeye ana waranti?"

Naima akabandua stika, akalegeza skrubu. Chini ya kisu cha mashine zikatoka ndevu nyeupe, zilizolowa, urefu wa kidole, na zikaendelea kutoka, zikajaa sahani, zikamwagika mkekani, nyingi kuliko zinavyoweza kukaa kwenye kitu kile kidogo. Bi Mwanne hakuzikemea. Alizikusanya kwa mikono miwili, akisema, "Pole, baba," akazisomea, akazifunga kwenye kitambaa cheupe, akazizika. Tangu hapo mashine haikunguruma wala kuwaka tena.

Naima aliirudisha mashine mbovu ile kwa Habibu, apate kumwambia usoni.

"Hii ilinyoa maiti, ukaniuzia mimi ninayenyoa watoto."

"Stika iko wapi?" Habibu aliigeuza kwa kidole kimoja. "Sina mazungumzo na wewe. Mashine zote kwenye rafu hiyo nyuma yangu zilirudishwa na wateja hivyohivyo, nikazitia maboksi mapya. Nani mwingine analalamika?"

Boksi la kwanza likanguruma. Kisha la pili, kisha safu yote, na kafuri ikashuka dukani kama moshi.

"Panya," Habibu alisema bila kugeuka.

Edina alichukua mkoba wake, akamfunika Sabrina uso kwa kanga, akamshika Naima mkono, wakatoka wote. Nyuma yao Habibu alikuwa bado anasema, kwa sauti yake ileile ya kudharau, kwamba ni panya tu, na mngurumo ukalimeza neno kabla hajalimaliza.