Dawa Zilikuwa Zangu, Nikasema ni za Mdogo Wangu

Nina miaka thelathini na minne, ni mtunza stoo kwenye duka la vipuri vya malori hapa Uyole, na makazi yangu ni Ilomba, Mbeya. Nina mke na mtoto wa miezi minne... au niseme nilikuwa nao, sijui. Nyumba iko kimya tangu wiki mbili zilizopita, ndiyo maana nimepata nafasi ya kuwaandikia.

Nisiwazungushe. Nilikuwa mvutaji wa sigara, tena mvutaji hasa. Nilianza kidato cha tatu na sikupumzika. Kazini nilikuwa na kona yangu nyuma ya lundo la matairi chakavu, bosi hafiki, na hapo niliweza kumaliza pakiti nzima kabla jua halijazama. Ukinishauri nipunguze, nakujibu hovyo. Nina hasira za karibu, sifichi.

Kisha nikakutana na Faraja.

Kwao ni Nyololo, familia ya Kilutheri, watu wa sala na kazi za shamba. Baba yake alifariki kwa ugonjwa wa mapafu baada ya kuvuta sigara maisha yake yote. Faraja ndiye aliyemuuguza. Alimwona mzee wake akishindwa kulala chini, anakaa kitandani ameshika ukingo wa godoro, anatafuta hewa haipati. Kwa hiyo tulipoanza kufahamiana, jambo la kwanza kuniuliza lilikuwa kama navuta. Nikasema sivuti. Nilijibu haraka mpaka mwenyewe nikashangaa.

Aliniuliza tena mara ya pili, akidai koti langu lina harufu. Nikasema ni madereva wa malori wanaokuja dukani.

Siku ya kwenda kujitambulisha kwao, baba yake mkubwa akaniuliza mbele ya wazee. Huyu mzee alikuwa mganga wa zahanati mpaka alipostaafu, na ndiye msemaji wa familia. Nikamwambia sigara haijawahi kugusa midomo yangu. Wazee wakafurahi, tukala kuku, harusi ikapangwa baada ya miezi minne.

Nilirudi Mbeya nikiwa na nia moja tu. Niache sigara kabla ya harusi, na ule uongo ugeuke ukweli. Nani angejua?

Aliyejua siri yangu alikuwa mtu mmoja, mdogo wangu wa kike, Tumpe. Wakati huo alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwalimu wa chekechea hapo hapo Ilomba, na nilikuwa naishi naye tangu mama yetu afariki. Tumpe ana utani. Alikuwa ananiambia, "Kaka, unaoa au unakausha samaki humu ndani?" Lakini yeye ndiye alikuwa ananikatia tangawizi vipande vidogo, anavifunga kwenye karatasi, ananitilia mfukoni asubuhi ili nikipata hamu nitafune.

Nilijaribu mara tatu. Siku ya tatu au ya nne mikono inatetemeka, usingizi hakuna, kichwa kinagonga. Nilimtupia mteja risiti usoni kwa sababu tu aliniuliza bei mara mbili. Kila mara nilijikuta nimerudi nyuma ya matairi.

Tumpe akaniambia, "Kaka, una bima kazini. Nenda hospitali wakusaidie, acha kujitesa."

Nikaenda. Tabibu alikuwa kijana mstaarabu, akanisikiliza vizuri, akasema kuna vidonge vinavyopunguza ile hamu. Tatizo ni bima. Kwenye dirisha la bima wakapiga simu, wakasubiri, wakanirudishia kadi. Huduma ya kuacha sigara haimo kwenye kifurushi changu. Nikapiga mwenyewe makao makuu ya bima, nikasikilizishwa muziki mpaka sikio likapata joto, halafu dada mmoja akanieleza kwa upole kwamba kuvuta sigara ni hiari ya mtu na siyo ugonjwa. Nikamuuliza, je, nikiugua mapafu? Akasema hapo watanilipia bila shaka.

Ndugu zangu, mnaona? Mpaka nioze ndani ndipo wanisaidie. Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Nilirudi kwa yule tabibu nimefura. Akafunga mlango, akasema vidonge hivyo hivyo wanapewa pia watu wenye sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, na sonona bima inalipa. Akiniandikia hivyo kwenye fomu, itapita. Akaniuliza kama nakubali.

Nilikubali bila kufikiri. Sonona ni nini? Neno tu kwenye karatasi. Nikatoka na boksi la dawa lenye jina langu na nakala ya fomu, na kusema kweli vidonge vilinisaidia. Wiki ya tatu nilikuwa navuta mbili kwa siku. Wiki ya tano, moja, tena naizima katikati. Ndoa ikaanza kutangazwa kanisani. Nikaona nimeshafika.

Jumamosi moja Faraja alikuja kututembelea Ilomba. Akiwa anapanga vyombo aliliona lile boksi dirishani, na fomu imekunjwa chini yake. Hakuniuliza chochote. Aliogopa labda naumwa kitu kikubwa namficha, basi akapiga picha kwa simu akamtumia baba yake mkubwa, mtu anayejua dawa, amweleze ni za nini.

Wiki ile ile nikaitwa Nyololo.

Nilikuta wazee wamekaa sebuleni, mshenga wangu kainama, Faraja kwenye kona amejifunika khanga. Baba mkubwa hakuzunguka. Kwao, kabla ya kuozesha binti, wanachunguza ukoo, kama kuna kifafa, kama kuna magonjwa ya akili. Akaweka simu mezani, ile picha inaonekana.

"Kijana," akasema, "mimi nimetoa dawa miaka mingi. Hizi ni za watu wanaosumbuliwa na akili. Na fomu imeandikwa hivyo. Jina ni lako. Tueleze."

Nikisema ukweli, kwamba naacha sigara, nimejitangaza mwongo mbele ya watu niliowaapia. Nikinyamaza, mimi ni mgonjwa wa akili niliyetaka kuingia kwenye ukoo wao kwa siri. Na hapo hapo nilikuwa na hamu ya sigara kuliko siku zote.

Nikasikia sauti yangu inasema, "Siyo zangu, baba. Ni za mdogo wangu, Tumpe. Alitumia kadi yangu ya bima."

Sijui lilitoka wapi. Lilitoka tu.

Baba mkubwa akanitazama sana. Akasema, "Mpigie." Nikajifanya natafuta namba. Akanipokonya simu taratibu, akabonyeza jina, akaweka spika.

Tumpe akaitika kwa furaha, "Eeh, bwana harusi!" Nyuma yake tukasikia watoto wa chekechea wanaimba.

Mzee akajitambulisha, akamweleza. Kwamba kaka yako yuko hapa, anasema zile dawa za akili ni zako, kwamba ulitumia kadi yake. Ni kweli, binti?

Watoto wanaimba. Nikawa naomba moyoni, na naona aibu kuwaambia nilikuwa naomba nini.

"Ndiyo, baba," Tumpe akasema. "Ni zangu."

Wazee wakanong'onezana. Mwishowe wakaamua kwamba anayeoa ni mimi, siyo dada, na kuugua si kosa. Harusi iendelee. Ila waliweka sharti moja, kwamba binti yao hatakaa nyumba moja na Tumpe.

Niliporudi Ilomba nilimkuta mdogo wangu ameshafunga begi. Sikuwa nimemwambia kuhusu sharti. Alikisia mwenyewe. Nilijaribu kueleza, akanikatiza, "Kaka, umeshaacha?" Nikasema bado moja kwa siku. Akasema, "Basi imalize hiyo moja, angalau nijue nimegharimika kwa kitu." Ndiyo mara pekee aliyowahi kunilaumu.

Mwenye ile chekechea ya Tumpe alikuwa kwenye kamati yetu ya harusi, pamoja na mshenga. Maneno hayakukaa hata siku tatu. Wazazi wakaanza kuuliza kama ni salama mwalimu wa namna ile kukaa na watoto wadogo, na Tumpe akaambiwa apumzike kwanza. Kupumzika kwenyewe hakukuwa na mwisho. Akaenda Iringa mjini, akapata kazi ya kuuza vitambaa kwenye duka la Wahindi. Kazini kwangu nako habari ikafika, kwamba nimemwazima mtu kadi, wakaifungia. Vidonge vikaisha. Nikamalizia kuacha kwa tangawizi, ambayo sasa nilikuwa najikatia mwenyewe.

Na niliacha. Siku ya harusi nilikuwa na wiki mbili sijagusa sigara, na mpaka leo sijagusa. Watu walinipongeza kwa kunenepa. Tumpe alikuja na sare yake ya kamati, akakaa meza ya nyuma kabisa, na shangazi zake Faraja wakahamisha viti vyao. Niliona. Niliendelea kukata keki.

Nilijiambia nitamweleza mke wangu tukishazoeana. Halafu nikajiambia nitamweleza mimba ikitulia. Halafu mtoto akizaliwa... Mnajua wenyewe jinsi mtu anavyojidanganya.

Mtoto alipofikisha miezi minne, Tumpe alikuja kumwona. Alitoka Iringa alfajiri, akafika mchana, mkononi ana sweta dogo la rangi ya njano alilolifuma mwenyewe. Faraja alimpokea vizuri, akashukuru kwa sweta. Tumpe akanyoosha mikono kumpokea mtoto.

Faraja akamsogeza mtoto kifuani. Akasema kwa upole, "Amelala, wifi. Usimsumbue."

Mtoto alikuwa macho. Anacheka.

Tumpe akabaki na mikono hewani. Kisha akageuka akanitazama mimi. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananisubiri. Neno moja tu lilitosha, na nilikuwa nalo mdomoni tangu siku ile ya Nyololo.

Nikasema, "Karibu chai."

Alikunywa chai. Akaaga. Sikumsindikiza hata stendi.

Aliporudi Faraja ndani baada ya kumtoa mgeni mlangoni, akaanza kukunja lile sweta, na hapo nikashindwa. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kuanzia matairi chakavu mpaka simu ya spika. Nilitegemea atapiga kelele. Alikaa tu, sweta mapajani.

"Kwa hiyo ulikuwa unavuta," akasema.

"Ndiyo."

"Nilijua. Harufu ya koti la mtu anayevuta naijua tangu utotoni. Nilikuuliza ili uniambie mwenyewe. Nilikuwa tayari kukusubiri uache, hata miaka miwili." Halafu akauliza, "Mimi umenifanya nimnyime wifi yangu mtoto?"

Kesho yake asubuhi alimfunga mtoto mgongoni, akachukua begi moja, akapanda basi. Nikajua anakwenda kwao. Jioni nilimpigia mama mkwe, akasema hajafika. Nilichanganyikiwa. Kumbe basi lilipita Nyololo na hakushuka. Usiku ulipoanza kuingia, simu yangu ikapokea picha. Tumpe amekaa kati ya majora ya vitambaa, amempakata mwanangu, mwanangu amevaa sweta la njano. Chini yake hakuna hata neno moja.

Wiki mbili sasa. Hakuna kati yao anayepokea simu yangu, na siwalaumu.

Wewe unayesoma hapa, unayejaribu kuacha sigara au pombe au chochote ili umpate mtu, nakusihi umwambie mtu huyo kwamba unaacha. Mwambie unatetemeka. Mwambie bima imekukatalia na umekwama. Akikukimbia, amekukimbia wewe peke yako, hujamwangusha mwingine. Mimi nilitaka kwenda kwenye harusi nikiwa safi, nikajipangusa kwa mdogo wangu.

Nimeomba ruhusa kazini. Jumamosi nakwenda Nyololo kwa baba mkubwa, nikakae kwenye kile kile kiti, awaite wazee wale wale. Nikishasema la kusema, nitamwomba ampigie Tumpe tena, na aweke spika.