Gari la Shigela Lazima Lishibe

Asubuhi ile Ubaruku ilikuwa imetulia. Mpunga ulikuwa umeanikwa kwenye maturubai mbele ya mashine ya kukoboa, na ndani mashine ilikuwa ikinguruma, pumba zikimwagika upande wa nyuma. Mbuke, mwenye mashine, alikuwa mlangoni akiita wateja kwa zamu. Mashine hiyo ndiyo iliyokuwa ikimsomesha binti yake, Prisca, uuguzi kule Iringa. Ulikuwa mwaka wake wa mwisho.

Ghafla mume wake, Shigela, akaingia uani na pikapu yao ya zamani bila mlio wowote. Nusura akanyage kuku.

"Mama Prisca! Injini nimeitoa! Ni umeme mtupu sasa!"

Ndugu zangu, msinielewe vibaya. Kubadilisha gari la mafuta liwe la umeme si kosa, na kazi yenyewe ilikuwa safi. Fundi Faustina, aliyeifanya kwenye gereji yake Mbeya, alikuja naye ili awaelekeze.

"Shikamoo mama," alisema. "Gari mtalichaji usiku, polepole, kwa umeme wa nyumbani. Likifika themanini kwa mia linatosha. Chaji ya haraka ni ya dharura. Inataka umeme mkubwa kama huu wa mashine, na mashine izimwe kwanza, maana laini yenu haibebi vyote viwili. Fyuzi ikiungua msiguse kitu. Nipigieni simu."

Mbuke alielewa. Shigela naye alitikisa kichwa, lakini kutikisa kichwa hakulipiwi kodi.

Shigela alikulia kwenye ng'ombe. Wazazi wake walihamia bonde la Usangu na mifugo yao kutoka Shinyanga, na kwao mgeni haondoki bila kuonyeshwa zizi, wala ng'ombe hasafirishwi akiwa na njaa. Desturi nzuri kabisa! Ila yeye akazihamishia kwenye pikapu. Themanini kwake ilikuwa njaa. Kuchaji usiku aliona ni aibu, maana nani atakuja usiku kutazama? Kila mgeni aliyepita akaletwa uani, waya ukachomekwa, na kazi ya watu ikasimamishwa.

"Zimeni mashine! Gari inakula!"

Wateja wakawa wanakaa juu ya magunia yao kusubiri gari limalize kula. Wengine wakaanza kuhamia mashine ya jirani.

"Baba Prisca, hii mara ya tatu leo," Mbuke alimwambia. "Watu wametoka mbali na mpunga wao."

"Dakika arobaini tu."

"Jana ulisema hivyohivyo mara nne!"

"Wewe mwanamke hupendi maendeleo."

Sasa mtu kama huyo utamjibu nini? Mbuke alisema asubuhi, akasema jioni, akasema mpaka sauti ikamkauka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Siku moja akaja Paulo, kaka yake Shigela, pamoja na wazee wawili kutoka Igawa. Gari lilikuwa na themanini na mbili. Shigela akauchukua waya hivyohivyo. Mbuke akasimama mlangoni pa mashine, mikono kiunoni.

"Leo haizimwi. Mpunga wa watu umejaa mpaka hapa mlangoni, na ada ya Prisca inatakiwa mwezi huu. Hilo gari lako limeshatosha!"

"Basi vitakula pamoja," Shigela akasema, akachomeka.

Fyuzi ikaungua. Mashine ikazimika. Wazee wa Igawa wakatazamana, na Shigela akaona aibu kuliko siku zote za maisha yake. Mbuke alikumbuka maneno ya fundi, akachukua simu na kwenda barabarani kutafuta mtandao. Huku nyuma mumewe akakata kipande cha seng'enge kwenye uzio wa zizi, akakifunga pale palipokuwa na fyuzi. Mashine ikanguruma, gari likala, wageni wakapiga makofi.

Mbuke alikuwa bado anaongea na Faustina alipoona moshi. Nyaya zilikuwa zinawaka ukutani, na moto ukazifikia pumba. Watu wote walitoka salama, Mungu ni mwema, lakini mota iliungua na magunia thelathini na mawili ya wateja yakaisha. Umeme ukakatwa uani kwao mpaka nyaya zote zibadilishwe.

"Fundi hakuniambia," Shigela alisema.

"Alikuambia mbele yangu!" Mbuke alipiga kelele, na majirani wote walimsikia.

Mpunga wa watu ulirudishwa kwa mpunga wa Mbuke na mumewe uliokuwa ghalani, ule uliokuwa uuzwe ili Prisca alipiwe ada. Mwezi ukaisha. Wakapanda basi, mume na mke, kwenda Iringa kumchukua mtoto. Kwa pikapu wasingeweza. Safari ni ndefu, na nyumbani hapakuwa tena na pa kuichaji.

Prisca alikuwa getini na sanduku lake, godoro limefungwa kamba.

"Shikamooni," alisema, akichungulia barabarani. "Gari liko wapi?"

"Lipo nyumbani," Shigela akajibu, macho chini. "Lilifika tisini na sita."

Prisca alimtazama baba yake, kisha akajifunika uso kwa mtandio na kulia. Mbuke alijitwika godoro akatangulia kituoni.

MAFUNZO

Wapendwa, chombo kipya huja na masharti yake, na masharti hayo hayajui kama una wageni. Fundi akikuelekeza, fuata. Mwenzako akikuonya mara ya tatu, usimwambie hapendi maendeleo, kwani huenda yeye ndiye anayeyalinda. Makofi ya wageni ni ya saa moja tu, nao hurudi kwao. Prisca yuko Ubaruku mpaka leo, anapepeta mchele wa watu kwenye mashine ya jirani.