Wimbo Uliovuliwa Nguo

Ilianza na harufu ya pembe iliyoungua, ndani ya chumba cha kurekodia kisicho na hata kiberiti. Fundi sauti akalaumu nyaya. Mtu kama yeye, anayejiita Mtaalamu wa Asili, atalaumu nini tena, akili yake?

Alikuwa anasafisha wimbo wa harusi wa ukoo wa mkewe. Wapigaji wote wameshakufa. Mkanda alikuwa ameuingiza kwenye kompyuta, kisha akautupa, eti una vumbi. Wimbo wenyewe, kila waliohamia nchini waliuongezea chao: wafugaji ngoma, wafanyabiashara zumari, askari wa kigeni tarumbeta. Bwana mkubwa fundi akautaka wa mwanzo kabisa, mtupu.

"Usiuvue, mkwe wangu," mama mkwe alimwambia mchana ule, mlangoni. "Vile vyombo si vya urembo. Kuna kitu chini. Kila waliofika walikisikia, wakakifunika kwa walichonacho."

"Mama, hizo ni hadithi za jikoni. Tarumbeta ni takataka za wakoloni."

"Haya. Sikio la kufa halisikii dawa."

Akafuta tarumbeta, bila kuweka nakala, maana wajuaji hawaweki nakala. Akafuta zumari, harufu ikamkaba. Akafuta ngoma, na nyuma ya sauti za waimbaji kitu kikavuta pumzi, taratibu, kama mtu aliyeondolewa mawe kifuani, na pumzi ile ikatoka kwenye spika, ikapita juu ya meza, ikaingia sebuleni mkewe alikokuwa anakunja nguo, naye akaanza kuuimba wimbo ule mtupu kwa sauti nene ya kiume, macho meupe, shingo ikirefuka kidogo kwa kila mstari.

"Mama! Fanya kitu!" fundi akanong'ona.

Mama mkwe, aliyetoka jikoni mbio, alishadaka sufuria, anapiga mdundo wa ngoma. Shingo ikaacha kurefuka. "Zumari nitaiiga kwa pua. Wewe piga tarumbeta."

"Sina tarumbeta, mama."

"Mdomo unao. Si ndio uliokuponza?"

Basi Mtaalamu wa Asili akakunja viganja, akavimbisha mashavu: paa, parapaa, paa! Kamasi na machozi pamoja. Mkewe akafumba macho, akarudia nguo zake.

Leo ni siku ya pili wanapiga bila kukoma. Mdundo wa mama mkwe unazidi kulegea. Na kila fundi anapoacha tarumbeta yake ili avute pumzi, ile sauti nene humuuliza kutoka sebuleni, kwa upole wa mwenye nyumba anayemsubiri mgeni aondoke:

"Umemaliza?"