Malaika Ndani ya Plastiki

Stendi ilijaa watu bega kwa bega. Fundi viatu alikumbatia ubao uliofunikwa shuka kama aliyebeba mgonjwa. Mwanamke wa gauni la manjano, miwani kaisukuma kichwani, akamgusa mkono.

"Kaka, mzigo wako unamwaga unga."

"Dada, huyu ni Malaika Mkuu Mikaeli. Hauzi unga."

"Basi analiwa na fukusi. Kazi yangu ni kutibu picha za kale."

"Kumbe daktari! Na mioyo unatibu?"

"Tuanze na mbao."

Malaika yule wa kanisa dogo la mtaani alichorwa kabla bibi zao hawajazaliwa: upanga umepigwa weusi na moshi wa mishumaa, mabawa ya dhahabu iliyochubuka. Shangazi yake fundi, mshika funguo za kanisa, alikuwa kamruhusu atoke kwa maandamano tu; kumwacha kwa mgeni alikataa. Alikuwa na haki. Miaka kumi na tisa nyuma wakubwa wa mjini waliazima kengele ya kanisa, wakasema wanaihifadhi. Mpaka leo inapamba ukumbi wao, na waumini wanaitwa kwa kugonga kipande cha reli. Walioazima wamesahau; sisi tunakumbuka hata rangi ya lori.

"Shangazi, naweka neno langu rehani: atarudi," fundi akasema. Malaika akaenda karakana ya Daktari.

Simu zikafuata.

"Mgonjwa hajambo?"

"Yupi? Wa mbao au wa viatu?"

"Wa viatu hali mbaya, mpenzi. Anakuwaza mpaka anajigonga nyundo."

Siku ya kumi na nane fundi akaingia karakana, akamkuta malaika kafungwa kwenye plastiki nene, kazibwa pande zote, kabandikwa tarehe. Akaikumbuka kengele na lori. Daktari alipotoka chumba cha pili, kisu cha kukatia ngozi kilishapasua mfuko.

"Mnamsafirisha wapi?"

"Umefanya nini wewe! Nimewanyima wadudu hewa siku kumi na nane, zilibaki tatu! Hiyo ni tarehe ya kumfungua! Si ungeuliza?"

"Walioazima kengele tuliwauliza sana."

"Mimi si wao. Toka."

Wiki nzima Daktari hakupokea simu. Jumapili fundi akasimama mbele ya waumini, akakiri.

"Hofu ni yetu sote," shangazi akamwambia, "lakini kisu kilikuwa chako. Nenda."

Akaenda. "Daktari, nisamehe. Niambie nishike wapi."

Daktari akakunjua plastiki mpya. "Shika pembe hiyo. Na usipumue."

Wakaziba upya, wakahesabu upya, moja mpaka ishirini na moja. Siku ya kufungua, Daktari akagongagonga ubao juu ya kitambaa cheusi. Haukudondoka unga tena.

Wakamrudisha malaika kanisani kwa miguu. Shangazi akampapasa mabawa, akacheka huku machozi yanamtoka.

"Karudi! Tangu nizaliwe, hiki ndicho cha kwanza kurudi!"

"Daktari," fundi akasema, "tuoane."

"Hapa? Mbele ya shangazi?"

"Mjibu, mwanangu," shangazi akasema bila kugeuka, "ukuta unangoja msumari."

"Nimekubali, fundi."

Fundi akaketi sakafuni, akashusha pumzi ya wiki saba.