Damu Iliyovuka

Siku ya soko Kibwezi, mwaka wa sabini na nane, Wariara alikuwa amevaa gauni la manjano lililombana kiunoni, na macho ya wanaume yalimsumbua. Alipogeuka kumkwepa mmoja, akamgonga mwingine. Redio ya transista aliyobeba, mali ya baba yake mwenye duka, ikaangukia vikapu vya mbaazi na kunyamaza.

"Pole, mrembo. Mimi Nzuki, fundi wa redio. Nitaitengeneza bure ukiniambia mbona inaitwa transista."

Wariara alisoma darasa la jioni, na Kiingereza kilikuwa fahari yake. "Trans ni kuvuka. Transport, mzigo unavuka. Transfer, mwalimu anavuka kwenda shule ingine. Hapa ni umeme unavuka."

"Na mapenzi je?"

"Hayo hayana trans. Tengeneza redio."

Redio hiyo ikawa inaharibika kila Jumamosi, na baba mtu hakujua sababu. Nzuki alikuwa tayari ameahidi kuleta wazee wake, ndipo lori alilopanda likapinduka karibu na Kiboko.

Hospitalini daktari alisema neno ambalo Wariara alilielewa mara moja: transfusion, damu kuvuka kutoka mtu mmoja hadi mwingine. Damu yake ikapatana na ya Nzuki. Akaitoa.

Jirani yao Kaluki, aliyemsindikiza, akamnong'oneza mlangoni, "Umemwokoa, lakini umempoteza. Kwetu Ukambani waliochanganya damu ni ndugu. Na ndugu haoi ndugu."

Hofu ikamwingia Wariara mpaka chakula kikamshinda. Simu ya duka ikilia, alishtuka, na siku moja alikuwa Nzuki.

"Mpenzi, mbona huji kuniona?"

"Pona kwanza."

"Nimepona. Kwani nimekukosea nini?"

Akaiweka simu chini. Aliogopa siku Nzuki atakapomwita dada, na aliogopa zaidi kwamba ataitika.

Nzuki alipotoka hospitali alikuja dukani na fimbo, nyanyake Syombua akiwa nyuma yake amejifunga leso mpya. Wariara akajificha nyuma ya magunia ya sukari.

"Toka huko," Nzuki akasema. "Kaluki ameniambia yote."

"Basi unajua sisi ni ndugu," Wariara akasema.

Syombua akaguna. "Mlichanjana chale? Mlikula kiapo mbele ya watu?"

"Hapana, susu," Wariara akajibu, akimwita nyanya kwa Kikamba kama Nzuki alivyomfundisha. "Ilikuwa sindano tu. Na yeye alikuwa amezirai."

"Tangu lini mtu akaapa undugu akiwa amezirai?" Bibi akajikalisha juu ya gunia. "Huyo Kaluki anapenda kuongea. Niitie baba yako. Hatukuja kununua sukari."

Nzuki akamsogelea Wariara. "Kumbe uliniogopa?"

"Niliogopa kukuita kaka."

"Niite sasa, nisikie."

"Nzuki," akasema, na machozi yakamtoka.

Akaingia ndani kumwita baba yake. Redio ilikuwa ikiimba vizuri kabisa, na kwa mara ya kwanza hakutamani iharibike.