Matone Chini ya Kabati la Sigbritt

Alhamisi, saa tisa na dakika kumi alasiri, Barbro Wiklander alipiga magoti ndani ya karavani ya Sigbritt Ahlgren, nyumba yake ndogo ya magurudumu, akachovya kidole kwenye kidimbwi kilichokuwa chini ya kabati la nguo, akakisugua.

"Kinateleza," alisema. "Tena kina rangi ya waridi. Huu si unyevu wa madirisha. Ni maji ya mfumo wa joto, yenye dawa ya kuzuia kuganda."

"Hilo hata mimi nalijua," alisema Sigbritt. "Leo siku ya kumi na mbili. Nimekuita uniambie kwa nini."

Barbro alikuwa amerekebisha karavani katika kambi za watalii za mkoa wa Jämtland kwa miaka thelathini, na hakuwahi kumwambia mteja jambo ambalo hajalipima. Mfumo wenyewe haukuwa na maajabu. Boila hupasha maji, maji huzunguka kwenye mabomba kandokando ya kuta, na tangi dogo ndani ya kabati lina alama mbili, ya chini na ya juu. Maji yakipata moto huvimba. Yakizidi, humwagika kupitia mpira ulioishia sakafuni.

Alikagua kila kiungo kwa tochi na karatasi kavu. Vyote vikavu. Ule mpira wa kumwagia maji yaliyozidi tu ndio uliokuwa na tone mdomoni.

"Mama, mwambie kuhusu tangi," alisema Malin, binti wa Sigbritt, aliyekuja kwa gari kutoka mji wa Östersund na hakuwa amevua koti.

Sigbritt aligeukia dirisha, kwa hiyo Malin akasema mwenyewe. "Linavuja kikombe kizima kila siku, na halipungui. Maana yake kuna mtu analijaza. Na anayeishi humu ni mmoja."

"Sijaligusa!"

"Msimu huu umesahau jiko likiwaka mara mbili."

"Mara moja! Tena lilikuwa na kahawa juu yake!"

Malin alimgeukia Barbro. Jumapili, alisema, karavani ingekokotwa na kuuzwa, na mama angehamia fleti ya mjini iliyokwisha kupatikana. Mtu wa miaka sabini na sita, anayefanya mambo asiyoyakumbuka, hawezi kukaa peke yake na boila ya gesi.

Malin alipotoka kwenda garini, Sigbritt alimshika Barbro mkono. Mumewe Evald alikuwa amefariki majira ya kuchipua, na karavani hii ndiyo nyumba pekee ambayo Sigbritt aliitaka. "Niambie kweli. Yawezekana ninalijaza mwenyewe?"

"Bado sijui," alisema Barbro. "Kidimbwi msikifute."

Saa kumi na nusu alimkuta Conny Sahlström, mfanyakazi wa lifti inayopandisha mlimani watu wa kuteleza kwa skii, na wa kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri kiwanja cha Sigbritt kando ya ziwa. Watu walikuwa wamemwona akizungukazunguka hapo.

"Nilikuwa napima kama hema la karavani yangu litatosha," alisema Conny. "Kupima si kosa."

"Sigbritt akiondoka, kiwanja ni chako."

"Ndiyo, kwa hiyo nikamwagie bibi wa watu maji kabatini? Ningekuwa mjinga kiasi hicho wangenichagua mwenyekiti wa kambi! Halafu mimi niko kwenye lifti saa tatu hadi saa saba na nusu. Kamuulize yeyote."

Barbro aliuliza. Ilikuwa kweli.

Saa kumi na moja alibisha kwa jirani, Roland Brodin, mstaafu aliyevua samaki na Evald kwenye barafu kwa miaka ishirini. Roland hakumkaribisha ndani.

"Umemwona mtu akiingia kwa Sigbritt?"

"Hapana."

"Ufunguo wake unajua uliko?"

"Kambi nzima inajua. Chini ya mfuniko wa sanduku la gesi." Roland alitazama theluji. "Anaendeleaje?"

"Jumapili anahamishwa."

Roland alifunga mlango.

Ijumaa saa nne kamili asubuhi Barbro alirudi. Sigbritt alikuwa anapunguza joto, kama alivyofanya kila siku kabla ya kwenda skii, ili asichome gesi bure. Walisubiri nusu saa maji yapoe. Yalishuka hadi upana wa kidole juu ya alama ya chini, na hapo Barbro akabandika kipande cha utepe. Alifyonza maji kidogo kwenye kipimo chake. Yangeganda kwenye digrii tisa chini ya sifuri. Utabiri wa Jumamosi ulikuwa ishirini na sita chini ya sifuri.

Kisha akaenda skii na Sigbritt, na hakumwachia nafasi hata ya kwenda haja peke yake. Kila mlima bibi alimwacha nyuma.

"Umechoka, fundi?"

"Nakagua njia," alisema Barbro, akihema.

Walirudi saa saba. Barbro hakufungua kabati wala hakuruhusu joto lipandishwe. Sakafuni hapakuwa na alama ya buti, lakini gazeti la kuwekea viatu mlangoni, walilolitandika likiwa kavu, lilikuwa na madoa mawili ya theluji iliyoyeyuka.

Saa nane aliwaita wote kunywa kahawa: Malin, Conny, Roland. Kila mmoja alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, wakakaa na makoti yao kuzunguka meza.

"Saa nne na nusu tangi lilikuwa hapa," alisema Barbro, akafungua kabati na kugusa utepe. Maji yalikuwa yamefika alama ya juu. "Joto halijapandishwa, kwa hiyo hayajavimba. Yameongezwa. Na tangu saa nne Sigbritt amekuwa nami hatua kwa hatua."

"Kwa hiyo si mimi," alisema Sigbritt taratibu.

"Si wewe. Aliyeingia alivua viatu."

"Mhujumu gani huyo anavua viatu?" aliuliza Malin.

"Wa hapa kwetu," alisema Conny. "Asingevua, mama yake angefufuka."

"Alivua," alisema Barbro, "akasimama mbele ya kabati, kwenye kidimbwi tulichokiacha. Roland, inua mguu wa kushoto."

Roland hakuinua. Haikuwa lazima. Soksi yake ya sufi ya kijivu ilikuwa na doa la waridi kisigino kizima.

"Evald aliniomba," alisema hatimaye. "Hospitalini. Alisema, tangi lisishuke, na Sigbritt hataomba msaada hata akiganda. Tangu baridi kali ilipoanza, siku kumi na mbili sasa, nilikuja kila siku akiwa skii. Kila siku nilikuta liko chini, nikajaza maji ya bomba hadi juu."

"Ulilikuta chini kwa sababu lilikuwa baridi," alisema Barbro. "Akirudi anapandisha joto, yanavimba, yanamwagika. Yanayomwagika yana dawa, unayotia hayana. Kesho usiku mabomba yangepasuka yote."

"Mungu wangu! Nilidhani namsaidia."

"Jana nilikwambia anahamishwa."

"Niliona aibu kukiri. Nikafikiri nikijaza vizuri zaidi, litaacha kuvuja."

Sigbritt aliinuka. Kutoka kwenye kopo la biskuti alitoa vipande vya karatasi, akaviweka mezani kimoja kimoja. Vilikuwa kumi na viwili. Kila kimoja kilikuwa na tarehe, saa, na maneno yaleyale kwa mwandiko unaotetemeka: *Leo sijagusa tangi.*

"Siku kumi na mbili, Roland," alisema. "Nilikuwa najiandikia ushahidi, halafu nasoma mwandiko wangu na siuamini."

Malin alivisoma vyote. Kisha akavua koti, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, akamkumbatia mama yake na kulia kwa sauti. Conny alitoka na kikombe chake. Barbro alianza kumwaga maji ya zamani, maana saa tisa ilikuwa imekaribia na kazi ingechukua muda wa saa tatu.

Roland alikuwa amesimama mlangoni akihangaika na kamba za viatu.

"Unaenda wapi?" alisema Sigbritt. "Njoo umshikie fundi ndoo. Na kuanzia kesho, Roland, bisha hodi kama watu."