Zamu ya Handakini

Swichi ya mtambo wa simu ilipanda yenyewe saa nane kasoro robo mchana, wakati kila mtu aliyeweza kupiga simu katika reli ya watalii ya Cwmllwyd alikuwa ameketi katika kibanda cha mtambo huo akila. Tak-tak, ikapanda hatua mbili. Tak-tak, ikazunguka mbili. Simu ya kibandani, namba ishirini na mbili, ikalia.

Walikuwa watatu tu. Glenys Probert, fundi wa simu aliyestaafu, ndiye aliyeujenga ule mtambo upya, swichi kwa swichi, kwa miaka kumi na moja bila malipo. Mdogo wake Idris ndiye aliyekuwa akimsaidia na kumkera. Wa tatu, Trefor Beddoes, alikuwa mkuu wa stesheni, mtu wa kofia na saa ya mfukoni. Treni ya mvuke iliyojaa watalii ilikuwa juu bondeni, ikitarajiwa kurudi kupitia handaki saa nane kamili.

"Pokea wewe," Glenys akamwambia mdogo wake. "Mimi nina keki mdomoni."

"Lini huna?" Idris akauinua mkonga wa simu. Akasikiliza. Uso ukamlainika kwa huruma. "Aa, pole sana, bwana. Muda wote huo? Haya, nakuja."

Akauweka mkonga juu ya meza, hakuurudisha mahali pake.

"Nani?" Glenys akauliza.

"Mwenzetu. Yuko zamu na hajapokelewa. Anauliza nani anakuja."

"Zamu wapi?"

Idris akajikuna kichwa kama mtu aliyeamshwa usingizini. "Handakini," akasema.

Sasa hapo ndipo penye ila ya watu wa reli, nami nawasema kwa kuwa nawapenda. Kwao mtu aliye zamu haondoki hata nyumba iwake moto, mpaka mwenzake afike, aulize anakabidhiwa nini, kisha atamke, "Nimekupokea." Kwa hiyo akiita mtu kwamba hajapokelewa, hawaulizi yeye ni nani. Wanajibu "nakuja" na huku wanatafuta buti.

"Handakini hakuna simu," Trefor akasema, akicheka kidogo. Kisha akaacha kucheka.

Mtambo ule waliutoa katika stesheni ya zamani iliyobomolewa, na kwenye namba arobaini na saba palikuwa na kibandiko kilichoandikwa *Handaki*. Mtu mwenye akili timamu angeiacha. Lakini hawa! Hawawezi kulala ikiwa kuna namba moja isiyong'aa. Majira ya kuchipua Idris aliisugua, akailehemu, akaiwekea fyuzi mpya, ingawa haikuwa na waya wowote wa kutoka nje.

Glenys akaenda nyuma ya mtambo, akaifuatilia simu ile kwa vidole kama alivyofundishwa ujanani, kutoka swichi iliyopanda hadi swichi iliyoishika, safu kwa safu, akirudi nyuma kumtafuta mpigaji. Kadiri alivyosogea ndivyo alivyozidi kusikia harufu ya masizi yaliyolowa na utambi uliozimwa sasa hivi. Kidole kikaishia arobaini na saba. Chuma kilikuwa cha baridi, tena kimelowa.

"Idris," akaita, "hebu njoo uone ulichokifanya."

Alipotoka nyuma ya mtambo, koti la Idris lilikuwa limening'inia na mlango u wazi. Nje, katika mvua, mdogo wake alikuwa akitembea juu ya mataruma ya reli bila kofia, taa mkononi, kuelekea mdomo wa handaki.

"Idris! We Idris!" Hakugeuka.

"Mungu wangu," Trefor akanong'ona. "Ni yule mlinzi. Bibi yangu alisimulia, mlinzi aliyesahauliwa mle ndani. Maskini ya Mungu, Glenys, si tumwambie tu kwamba tumempokea, aende zake?"

"Mlinzi gani? Vitabu vya zamu vyote nimevisoma, vumbi nimelipangusa mwenyewe. Handaki lile halikuwahi kuwekewa mlinzi hata siku moja. Huyo hakuwahi kuwa mtu, Trefor. Ameyadaka maneno yenu, anayatumia kama chambo. Isimamishe treni!"

Trefor akajaribu kila simu iliyokuwapo. Zote zilikuwa zikipumua tu sikioni. Na zile za mkononi, katika bonde lile lisilo na mtandao, ni saa tu. Akanyakua bendera nyekundu akatoka mbio. Glenys, mwenye goti bovu, asingefika popote kwa mbio, basi akafanya alichokiweza. Akauchukua mkonga.

"Glenys," sauti ikasema, taratibu, kama ya mzee mchovu. "Nani ananipokea?"

"Mimi hapa. Unanikabidhi nini?"

Akaubana mkonga sikioni, akangoja.

"Mtu wa reli haulizwi mara mbili. Taa ngapi? Bendera ngapi? Treni gani iko njiani? Sema, mwongo wee!"

Ndipo ile harufu ikajaa kibanda kizima, na kioo cha dirisha kikafuka ukungu kwa ndani, na katika mkonga akaanza kusikia hatua za mtu juu ya kokoto, na maji yanayodondoka chini ya dari la mawe, na pumzi za mtu anayepumua kwa pua iliyoziba mafua, pumzi alizozijua tangu walipolala kitanda kimoja utotoni, na juu ya pumzi hizo sauti ikasema, sasa kwa koo la Idris mwenyewe, "Dada. Nakukabidhi Idris."

Alitaka kulia, kubembeleza, kuahidi chochote. Badala yake akapiga meza kwa ngumi.

"Hiyo siipokei!"

Swichi zote zikapanda kwa pamoja, mia na zaidi, kengele zikalia, fyuzi zikarusha cheche zikamwunguza shingo, na Glenys akaukumbatia mkonga kwa mikono miwili akipiga kelele kushinda kengele zile zote. "Umeitaka kanuni yetu, nakupa kanuni yetu! Makabidhiano si sahihi! Sijakupokea! Hujapokelewa, huondoki, na humchukui mtu! Utakaa hapo hapo ulipo!"

Mtambo ukanyamaza. Swichi zikaanguka zote, isipokuwa ile moja ya arobaini na saba.

Trefor alimkuta Idris amesimama ndani ya handaki, akiuliza kwa nini amelowa. Akambwaga pembeni, treni ikapita, watalii wakawapungia mkono.

Mchungaji aliletwa Jumapili. Aliomba vizuri, kisha akakumbuka ana mgonjwa wa kumtembelea. Swichi haikushuka. Kamati ikakutana, ikataka waya zikatwe na mtambo uuzwe chuma chakavu.

"Kateni," Glenys akawaambia. "Mkikata mmemtoa zamu. Nyumbani kwa nani kati yenu afikie kwanza?"

Hakuna aliyekata. Mpaka leo kila Jumamosi Glenys huenda kibandani, huvuta kiti na kuuinua mkonga. Mwanzoni sauti ilisihi, baadaye ikatukana. Majuzi ilikuwa na jipya.

"Una miaka sabini na mmoja, Glenys. Moyo wako nausikia, unaruka mapigo. Utakufa."

Glenys akamimina chai, akanywa funda moja.

"Nitakufa, ndiyo," akasema. "Na wewe utakuwa bado zamu."